Kistari Kilichosomwa Sifuri

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, maana jambo hili nimelibeba wiki tatu sasa. Mimi ni mwalimu wa kike wa darasa la saba, mwaka wa thelathini na moja huu kazini, nimebakiza miwili nistaafu, na miaka yote hiyo mwanafunzi akiwa mgonjwa siku ya jaribio unamwekea kistari kwenye kitabu cha alama, na kila mwalimu anajua kistari maana yake bado, atafanya akipona. Mwaka huu tukaletewa vishikwambi vya kujazia alama na semina ya siku moja, mtoa semina anaongea kama anafukuzwa, nikaitikia kwa kichwa kama wenzangu ili nisionekane mshamba. Basi kuna binti mmoja, mama yake anafagia zahanati, kwa akili hana mfano hapa shuleni, alilazwa wakati wa majaribio mawili yanayohesabiwa kwenye uchaguzi wa kidato cha kwanza, nikamwekea vistari kwenye kishikwambi, akapona, akafanya, akapata tisini na moja na themanini na nane, nikaziandika kwenye kitabu nikaamini nimemaliza, kumbe mashine ilishasoma sifuri mbili. Majina ya kidato cha kwanza yalipotoka, lake halimo, nikafungua kishikwambi ndipo nikaziona sifuri hizo. Akaja ofisini, sare imepigwa pasi, akaniuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?" nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Ulilegea mwishoni, mwanangu."

Leo Jumatano nimesikia Jumatatu inayokuja anapelekwa mbali kufanya kazi za ndani. Rufaa zinafungwa Ijumaa. Mwalimu mkuu ananiambia, "Ukilifukua hilo, shule nzima itakaguliwa, na wewe utastaafu kwa aibu." Nifanyeje?

Mwalimu wa Darasa la Saba

Mwalimu,

Pole. Kubadilishiwa kazi ya miaka thelathini na moja kwa semina ya siku moja ni uonevu, na waliowaletea mashine bila kuuliza mwalimu anajazaje kitabu chake wana lao la kujibu. Hapo niko upande wako.

Lakini "ulilegea mwishoni" haikusemwa na mashine. Ulisema wewe, ukijua ni uongo, kwa mtoto aliyekuja kukuuliza kwa adabu. Na kuna lingine limenikera zaidi. Uliandika Jumatano, rufaa zinafungwa Ijumaa, ukaliandikia gazeti linalotoka Jumapili! Namba ya simu hukuweka, wala jina la shule, ningekutafuta mwenyewe. Usiniambie hukujua siku. Ulitaka uambiwe nenda wakati pa kwenda hapapo tena.

Sasa nisikilize. Kesho Jumatatu asubuhi uwe ofisi ya elimu, kitabu cha alama kwapani, ueleze kosa kwa maandishi na utie saini, mwalimu mkuu apende asipende. Uwaambie wakague na shule nyingine, maana vistari havikuwekwa na wewe peke yako. Sikudanganyi, huenda wakakurudisha. Rudi tena, na tena.

Ila hiyo ni ya kesho, na kesho binti hayupo. Weka gazeti chini sasa hivi, vaa viatu, nenda kwao, umwambie mbele ya mama yake kwamba hakufeli. Asiende kuosha vyombo vya watu huku akijiuliza alilegea lini.