Siku Gari Lilipompa Mama Pumzi

Baba,

Nyumbani Rodi Kopany tuko salama. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Mapafu ya Mama yamechoka. Miezi michache baada ya kukuzika, daktari alisema atumie mashine ya oksijeni hapa nyumbani. Inataka umeme mchana na usiku, na wewe unaijua stima ya huku. Mvua ikinyesha kidogo tu, imeenda.

Tulikuwa tunategemea jenereta yako. Sasa Alhamisi mchana upepo ukaangusha nguzo kule barabara ya Ndhiwa. Stima ikapotea, mashine ikaanza kulia, nikakimbilia jenereta. Nilivuta ile kamba mpaka kiganja kikachubuka. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikarudi ndani nikamkuta Mama ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, midomo inabadilika rangi.

Ndipo nikakumbuka gari. Lile la umeme ulilonikataza kununua, nami nikalinunua. "Akinyi, hiyo ni simu yenye magurudumu," ulisema, nami nikakukatia simu kwa hasira. Wiki ile hatukuongea tena. Wiki iliyofuata ukaondoka. Hilo nimelibeba, Baba. Hata matangani sikumwambia mtu.

Nililirudisha gari nyuma mpaka dirishani kwa Mama, nikakanyaga sukuma wiki yake yote. Nikachomeka ekstensheni kwenye soketi ya gari, ile inayotoa umeme wa betri kama wa ukutani, nikaipitisha dirishani. Mashine ikawaka! Nikamrudishia Mama mrija puani, nikawa nahesabu pumzi zake kwa sauti, mpaka akanifinya mkono ninyamaze.

Stima ilirudi Ijumaa jioni. Muda wote huo nilikuwa natoka nje kuangalia chaji, maana nilitaka ibaki ya kutufikisha hospitali Homa Bay. Betri haikushuka hata nusu. Hatukuhitaji kwenda.

Mama alipopata nguvu ya kuongea, aliutazama ule waya, akasema, "Baba yako angebisha siku nzima, halafu jioni angefungua boneti aone." Tukacheka. Kisha akaniambia kitu nisichokijua: wiki ile ya hasira zetu, ulikuwa umemwita fundi mwenzako akueleze magari haya yanafanyaje kazi. "Alitaka ukija akuulize maswali," Mama alisema.

Nililia, Baba. Laiti ungenipigia. Laiti mimi ningepiga.

Lakini leo naandika nikiwa mwepesi. Asubuhi hii, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, Mama ameomba kwenda mahali. Anataka kumwona dada yake kule Karungu, akae naye karibu na ziwa, ale samaki aliyetoka majini siku hiyo hiyo. Nimemuuliza daktari, amekubali. Mashine itawaka humo humo garini.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitaendesha polepole. Tunaondoka Jumamosi, na Mama ameshachagua kitambaa cha kichwa.

Binti yako,
Akinyi