Siku Redio ya Kituoni Ilipozima

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana, na pole na kazi. Natumaini umeamka salama, kile kikohozi kimekuacha, na watoto hawajambo. Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia, na sababu unaijua. Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma, kisha kimya. Basi nimerudi kwenye karatasi kama watu wa zamani, maana karatasi huwezi kuikata katikati ya sentensi. Ukitaka kuichana, ichane, lakini walau utakuwa umeshaanza kuisoma.

Siku ile ulipokuja kwenye kituo chetu cha ushauri ulikuwa na haki ya kushangaa. Uliegemea meza yangu ya mapokezi, jasho linakutoka, ukaniuliza Mama alifuata nini pale, kwa sababu ulimfuata nyuma ukamwona kwa macho yako akiingia getini. Nami nikakujibu kama ninavyomjibu kila mtu, kwamba hapa hatusemi nani anakuja wala nani haji. Kaka, ule uso wako! Ungenizaba kibao nisingeshangaa. Ulisema tumenyonya ziwa moja halafu nakusomea sheria kama karani wa mahakama. Ukasema kuanzia siku hiyo Mama hatoki nyumbani peke yake, na mimi nisahau kama nina kaka. Mlango uliubamiza mpaka kalenda ikaanguka. Niliiokota, nikaitundika, nikamkaribisha aliyefuata.

Najua ulitaka hata uongo mdogo. Ningesema alikuja kunisalimia, yakaisha. Lakini kesho angekuja mume wa mtu, au mwanawe, au mwenye nyumba wake, naye angeniuliza vilevile huku anatabasamu, na ulimi wangu ungekuwa umeshazoea. Ndiyo maana jibu letu ni moja kwa wote, awe askari, awe shangazi.

Hebu nikueleze tunavyofanya kazi, maana hujawahi kuniuliza. Kituo chenyewe ni nyumba ya kawaida tu. Watu wanakuja na mambo yao mazito, wanakaa kwenye benchi ukumbini, kisha wanaingia mmoja mmoja kwa mama mshauri. Tatizo ni kuta. Ni za mbao nyembamba, mtu akipiga chafya ndani, wa nje anamwambia pole. Kwa hiyo ukumbini tumeweka redio, na kazi yangu ya kwanza asubuhi, kabla hata ya kufagia, ni kuiwasha. Wageni wanadhani napenda muziki. Kumbe nafunika maneno ya aliye ndani. Na tukikutana njiani na mtu aliyewahi kukaa kwenye lile benchi, hatumsalimii kwanza. Tunamsubiri yeye, akitaka. Huenda yuko na mtu ambaye atamuuliza amenijulia wapi.

Yanayofuata nimeruhusiwa kuyasema, na aliyeniruhusu utamjua mbele kidogo.

Siku Mama alipofika mara ya kwanza nilidhani amenifuata mimi. Nikainuka mbio nimwekee chai. Akaniambia nikae, nifanye kazi yangu, yeye ana shida zake na amekuja kama watu wengine. Akaniomba watoto wake wasijue, na mimi mwenyewe nisijue zaidi ya nitakachokiona kwa macho. Nikamwambia mama mshauri kwamba huyu ni mzazi wangu, naye akahakikisha hakuna jambo lake hata moja linalopita mikononi mwangu. Kazi yangu ikabaki kumwambia karibu, subiri hapo kwenye benchi. Wewe umewahi kumwambia mama yako mzazi asubiri hapo? Jaribu siku moja uone.

Basi nikazoea vibaya. Wifi alikwambia kweli, sokoni nilimpita Mama kama simjui. Lakini hatujagombana! Macho yangu yalishamzoea kwenye benchi, na nilipomwona mbele yangu yakainama yenyewe, nikawa nakagua nyanya. Mimi! Nimempita aliyenizaa, nimeshika nyanya! Nilishtuka ameshafika kwenye viazi, nikamkimbilia. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Aliniambia kazi hii itanitia wazimu.

Sasa nifike panapouma. Siku moja, Mama akiwa ndani, umeme ulikatika. Nikakimbilia betri, zimekwisha. Redio ikazima, ukumbi ukawa kimya, na watu wako kwenye benchi. Nikasikia sauti ya Mama, kisha nikasikia analia. Kaka, wewe na mimi hatukumsikia Mama akilia hata Baba alipofariki, alikwenda nyuma ya nyumba akarudi ameshanawa uso. Pale alilia kama mtoto. Nikasikia neno moja. Moja tu, naapa, maana hapohapo nikaanza kuimba.

Ndiyo, kuimba. Redio ya ofisi imezima, ikabidi Redio ya nyumbani iwake. Niliimba ule wimbo wa mstarini shuleni, nusu ya maneno nimeyasahau, nikawa natia yangu. Mzee mmoja kwenye benchi aliniuliza kwa upole kama najisikia vizuri. Nilitikisa kichwa nikaendelea, machozi yananitiririka na sauti inapasuka, mpaka umeme ukarudi. Sijawahi kuimba vibaya hivyo, na unajua siku zangu za kawaida zilivyo.

Neno nililolisikia lilikuwa jina lako. Si lile la kwenye kitambulisho. Alisema Pedeli.

Hakuna Pedeli mwingine duniani. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa chini ya cherehani ya Mama, unakandamiza pedeli kwa mikono miwili huku yeye anashona, ukilia ukiondolewa. Nilikaa na neno hilo, nikala nalo, nikafua nalo. Mara ngapi nimeshika simu nikuulize umemfanya nini mama yetu! Na wewe ndiye uliyenibatiza Redio, kwa sababu nilimwambia Baba nani kavunja kikombe. Sikukupigia. Nilimwambia Mama mwenyewe kwamba nimesikia. Akasema alishajua, kwani nani mwingine angeuharibu wimbo namna ile.

Leo wifi amemleta hapa kwangu nimsuke, kwa vile umeamuru asitoke peke yake. Nikiwa katikati ya msuko wa pili, Mama akasema nikuandikie. Ndiye aliyeniruhusu. Amenipa mambo mawili niyaseme, la tatu amelizuia.

La kwanza, yeye si mgonjwa na hakuna anayemdanganya. Anakuja pale kwa miguu yake na akili zake zote.

La pili, kinachomleta ni wewe. Usikunje uso, soma. Anasema hakuna mtoto anayemtunza mama kama wewe. Lakini mgeni akimuuliza hali, unajibu wewe. Akiulizwa atakula nini, unajibu wewe. Cherehani yake uliiuza ili apumzike, wala hukumuuliza, na yeye alikuwa akipumzika palepale anaposhona. Alinyamaza kwa sababu ulirudi umefurahi mno. Anakuja kwa mama mshauri kujifunza namna ya kukuambia hapana bila kukuumiza. Ndilo lililomliza. Kaka, nilidhani umemtukana, nikakuchukia bure kwa siku nyingi. Nisamehe kwa hilo. Kumbe mwanamke aliyewafokea madalali na wenye nyumba anaogopa kitu kimoja tu, uso wako ukihuzunika.

La tatu mimi silijui, na sijaliuliza. Atakwambia mwenyewe. Atalala kwangu, kwa hiyo njoo kesho. Ukifika kaa, na akianza kusema usimmalizie sentensi. Hata akikwama, mwache akwame. Mimi nitakuwa jikoni, na redio nitaiwasha.

Nisalimie watoto, waambie shangazi yao ana hamu nao. Barua hii anakuletea wifi, naye hajaisoma, kwa hiyo usimsumbue. Nakupenda, hata ukibamiza milango.

Ni mimi mdogo wako,
Redio

Nimesahau: nimemsomea Mama yote kabla ya kuifunga. Amecheka kwenye nyanya, kwenye cherehani ameniambia nisome tena. Kuna sentensi moja ameniambia niifute, nami nimeifuta. Usiniulize ilisema nini.