Mgeni Aliyeulizia Ngozi ya Methusela

Mabawa, Tanga
8 Machi 1953

Mwanangu mpenzi Methusela,

Salamu nyingi, zikufikie kabla jua halijawa kali. Mimi mzima, ila goti, na goti si ugonjwa, ni umri. Wewe je? Mgongo bado unatoa maji? Paka mafuta ya nazi. Usimsikilize daktari kwa kila kitu, daktari hakukuzaa.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumwita mtu. Jirani yetu Mwamvua kaniuliza, "Mwanao yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia, "Dar es Salaam, Serikali imemwita." Uongo huo? Haikukuita? Sikusema imekuita uvue nguo wakutazame alivyokufanya yule mdudu, gesi ya sumu iliyovuja kwenye mapipa mliyobebeshwa jeshini. Hayo ni yako na yangu.

Sasa habari tamu. Mzee Laurenti wa Maramba ameipokea posa yetu kwa binti yake Ruthi! Mjomba wako Fanueli ndiye mshenga, kasema mpaka wakasahau kula. Ila desturi unaijua: watatuma mtu kukuulizia. Hatajitambulisha, atajifanya mpita njia, achungulie kama nyumba ina kasoro. Aje. Atanikuta.

Mama yako mzazi,
Kristina

Dar es Salaam
25 Machi 1953

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai wewe na mjomba hamjambo. Mimi naamka, kulala ndiyo kazi. Shuka inanatana na mgongo, asubuhi naibandua kwa maji ya uvuguvugu. Mafuta ya nazi nimeacha, yanawasha.

Madaktari wa bodi ya Serikali wamenitazama. Hawabishi kwamba nimeoza, wanabishana nimeozea wapi. Mmoja anasema gesi, mwingine anasema labda nilikuwa hivi tangu utoto. Wakikubali ni gesi, nitapata malipo ya kilema mpaka nife. Wakikataa, mama, sina pa kushika. Jembe linanipasua viganja, na kwenye mkonge unajua walivyonifukuza, wenzangu walikataa kunywa kopo moja nami.

Kwa hiyo atakuja karani hapo nyumbani kukuuliza wewe. Mwambie kweli: niliondoka na ngozi nzima, nikarudi hivi. Usione haya. Neno lako ndilo litakalokata shauri.

Mwanao,
Methusela

Mabawa, Tanga
27 Machi 1953

Mwanangu, jogoo wangu,

U hali gani? Barua yako sijaipata bado lakini siwezi kungoja. Mtu wa Maramba kaja!

Kaja jana adhuhuri, viatu vinang'aa, kofia mkononi. "Hodi, mama. Nimekuja kuulizia habari za kijana wako Methusela." Nikamkaribisha, nikachinja yule kuku mweupe. Alitaka kukataa. Nikamwambia, "Kwangu mgeni hali maneno matupu."

Akauliza, "Eti kijana ana ugonjwa wa ngozi?" Nikajua hapo pana ulimi wa Mwamvua. Nikacheka. "Ugonjwa? Mwanangu? Yale ni makovu ya uji. Alijimwagia akiwa mdogo, kabla hata hajajua jeshi ni nini."

"Ana nguvu za kufanya kazi?"

"Muulize mkonge! Anabeba mizigo ya watu wawili na jioni anaimba."

Akaniuliza kama naweza kuapa. Nikaileta Biblia mimi mwenyewe, nikaweka mkono. Akatoa karatasi, nikatia sahihi yangu, si dole gumba kama wenzangu. Watu wa Maramba siku hizi wamestaarabika, wanaandika kila kitu. Akaondoka amefurahi na paja la kuku kwenye jani la mgomba.

Nimekuozesha, baba. Shukuru.

Mama yako mwenye furaha,
Kristina

Dar es Salaam
14 Aprili 1953

Mama,

Shikamoo.

Yule hakutoka Maramba. Alitoka Serikalini.

Maneno yako yamesomwa mbele ya bodi, nami nimesimama pale bila shati. Daktari mmoja akaniuliza kama uji ule ulikuwa wa mahindi au wa mtama. Wakacheka wote, na mkalimani akacheka.

Nimewaambia umekosea mtu. Wamesema, kama ni hivyo, mama aje Bomani Tanga kabla Mei haijaisha, aseme upya mbele ya karani yuleyule. Wamenipa hilo tu. Nenda, mama. Nakuomba kama nilivyokuomba ziwa.

Mwanao,
Methusela

Mabawa, Tanga
10 Mei 1953

Mwanangu Methusela,

Salamu, na pole. Barua yako imenilaza kitandani, sikula siku nzima. Lakini ningejuaje? Yeye naye alishindwa nini kusema "mimi karani"? Mtu anakula kuku wa watu hasemi katoka wapi!

Bomani nimekwenda, usiseme sikwenda. Nilivaa lile gauni la Pasaka. Nafika barazani, nani amekaa kwenye benchi? Mdogo wake Mzee Laurenti, kaja kwa kesi ya shamba. Akasimama, akanishika mikono yote miwili: "Karibu, mkwe! Umefuata nini huku?" Karani anaita majina mlangoni, kila mtu anasikia. Ningesemaje hapo, Methusela? Kwamba mwanangu anavuja? Nikasema nimefuata kibali cha baiskeli.

Sasa nisikilize mimi mzazi. Ndoa imeshatangazwa kanisani mara ya kwanza. Oa kwanza. Ruthi akishaingia ndani, akishaona, atarudi wapi? Hapo nitakwenda Bomani nikaseme yote, hata kwa kipaza sauti.

Usinikasirikie.

Mama yako,
Kristina

Dar es Salaam
19 Mei 1953

Mama,

Shikamoo. Sina kasirani.

Nimemwandikia Mzee Laurenti mwenyewe. Nimemweleza mgongo, viganja, usaha, na mahali pengine ambapo mke angepaswa kupajua. Nimemwambia Ruthi yu huru.

Sasa huna cha kuficha. Mei bado haijaisha. Nenda.

Methusela

Mabawa, Tanga
8 Juni 1953

Methusela,

Hujambo? Mimi nimo.

Umenivua nguo sokoni. Maramba wamerudisha posa kwa mkono wa mtoto, hawakutuma hata mtu mzima. Kanisani wanawake wananisogelea wanishike bega, wananipa pole kama nimefiwa. Nilijifungia ndani mpaka Mwamvua akapasua dirisha la jikoni kuona kama ni hai.

Nimekwenda Bomani juzi. Ndiyo, Mei ilikuwa imekwisha. Karani ni yeye. Hakuniruhusu hata nikae. Nikamweleza shuka, nikamweleza kopo, nikalia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, siku ile uliapa kwa Biblia na kuku ukanipa. Leo umekuja mikono mitupu unataka fedha ya Serikali. Nimwamini mama yupi?" Akaita mwingine.

Basi. Watu wa hapa nimewaambia umeshinda, Serikali imekukubalia, utalipwa. Ilinibidi, walikuwa wananitazama. Kwa hiyo ukirudi, rudi kama mtu aliyeshinda. Shati la mikono mirefu, na zawadi kidogo, hata sabuni.

Mama yako

Mabawa, Tanga
2 Novemba 1953

Mwanangu mpenzi Methusela,

Salamu nyingi baada ya kimya. U mzima? Mimi mzima. Barua nne hukujibu, huenda zinapotea posta.

Mjomba wako Fanueli karudi juzi kutoka huko. Kakaa kwangu, chai imepoa, ndipo akasema amekuona nje ya soko, umekaa chini, umevua shati, kopo mbele yako. Anasema watoto walikuwa wakikurushia maganda ya machungwa, nawe husogei. Mwamvua alikuwa mlangoni, kasikia yote.

Nikamwambia kaka, "Macho yako yamezeeka, umemfananisha. Mwanangu ana malipo yake ya Serikali."

Lakini kama ni wewe, baba, watu wa Tanga wakipita, geukia ukutani.

Mama yako anayekupenda,
Kristina