Mkono Niliouficha Dunga

Kisumu, Jumamosi jioni, 1972

Asubuhi mvua imenyesha ikaacha matope Manyatta nzima, halafu jua likatoka kali kana kwamba halihusiki. Nina rangi ya bluu kwenye kucha. Nimesugua kwa mafuta ya taa, haitoki. Leo nimeona aibu nyingi, na karibu zote nimejitafutia mwenyewe.

Acha niandike yalivyokwenda kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Kwetu anaitwa racham. Sijawahi kuliandika neno hilo juu yangu, na hata sasa kalamu iko mkono wa kulia, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nikiwa darasa la kwanza mwalimu alinifunga ule wa kushoto kwenye mguu wa dawati kwa kamba ya katani. Nyumbani nyanya yangu hakunichapa. Alinihurumia, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kamba. Alisema mwanamke anayepakua chakula kwa mkono huo atapika maisha yake yote na watu wake hawatashiba.

Nilimwamini.

Kwa hiyo nikajifunza. Nasalimu kwa kulia, nakata mboga kwa kulia, naandika kwa kulia. Mpaka leo mume wangu alikuwa hajui. Aliyejua ni Mungu na ukuta wa jikoni kwangu, ambao nimeuchora kwa mkaa tangu niolewe, na kuufuta kabla Baba Akinyi hajarudi kutoka bandarini. Maana kuchora kumekataa kuhamia mkono wa kulia. Nikishika mkaa kwa kulia nachora kama mtu anayefukuza nzi. Nikiushika kwa kushoto, kuku anatoka na jicho lake, tena jicho la kuku anayejua atachinjwa Krismasi.

Mwezi wa pili nilishindwa kujizuia. Mama Pamela, jirani yangu mwenye hoteli ya chai, alikuwa amepaka ukuta wake chokaa. Ule weupe ulinisumbua kila nikipita. Nikamwomba ruhusa. Jumapili watu wakiwa kanisani, yeye peke yake akinitazama, nikamchorea kikombe kinachotoa moshi na kuku aliyesimama kando yake, kwa rangi iliyobaki tulipopaka milango yetu. Watu walipouliza ni nani aliyechora, nikawahi kujibu kabla Mama Pamela hajafungua mdomo: ni shemeji yangu wa Muhoroni, yule wa kiwanda cha sukari.

Shemeji yangu wa Muhoroni hawezi kuchora hata mstari.

Wiki iliyopita akaja Mzee Okelo, mvuvi wa Dunga. Alikuwa anatengenezewa mashua mpya na alitaka iandikwe jina, na ichorwe ngege, samaki wa ziwani kwetu, mbele, pande zote mbili. Alinikuta nikianika nguo.

"Mama Akinyi," akaniambia, "nimetafuta huyo kijana yako wa Muhoroni mpaka nimechoka. Leo Mama Pamela ameniambia nisitafute mbali."

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini chini ya ile hofu kulikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyojibu. Nikamwambia nitakuja.

Usiku huo nilimwambia mume wangu nusu ya ukweli: kwamba nimeombwa kuandika jina kwenye mashua. Akafikiri kidogo. Akasema wavuvi wengine hawapendi mwanamke aguse mashua ambayo haijaingia majini, lakini kama mwenye mashua amekubali, yeye hana neno. Ilikuwa nafasi nzuri ya kumwambia na ile nusu nyingine. Nikamuuliza kama anataka chai.

Na leo asubuhi, kabla sijatoka, Akinyi alishika kikombe chake kwa mkono wa kushoto. Binti yangu ana miaka saba na mkono wake ni kama wangu. Nikampiga kwenye vidole. Si kwa nguvu. Namfanyia hivyo karibu kila siku, na huwa najiambia namwokoa. Akahamisha kikombe bila kulia, kama mtu aliyezoea. Kisha tukaondoka pamoja kwenda Dunga, yeye akiwa amebeba brashi, mimi nimebeba mikebe ya rangi.

Nilidhani tutakuwa na Mzee Okelo peke yake. Kumbe mvua ilikuwa imechelewesha mashua za usiku, na ufuo ulijaa: wanunuzi wa samaki na mabeseni yao, vijana wa kuvuta nyavu, akina mama wawili wa kanisani kwetu. Na katikati yao, akichagua ngege, mama mkwe wangu. Nilijua hununua samaki huko. Sikujua ni leo.

Nilimsalimu kwa heshima. Akanitazama, akatazama brashi, akatazama mashua. "Ni wewe?" akauliza. Nikasema ni mimi.

Nikafungua rangi nyeupe. Nikachovya brashi. Nikauona uso wake, na mkono wangu wa kushoto ukarudi nyuma ya sketi wenyewe, sikuuambia. Brashi ikahamia kulia.

Jina lilikuwa NYAR SEME. Ndivyo watu walivyomwita mama yake Mzee Okelo, marehemu, kwa sababu alitoka Seme. Jina la mama wa mtu. Nikaliandika kwa mkono ambao nilijua hauwezi. N ikaegemea kama mlevi. Y ikawa kijiti kilichovunjika. Nilipofika kwenye R rangi ilikuwa inatiririka juu ya mbao mpya.

Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mzee, hii mashua hata haijaingia maji na imeshazama!" Ufuo mzima ukacheka. Akina mama wa kanisani walicheka wakiwa wamefunika midomo, na hiyo ndiyo niliyoisikia zaidi.

Mzee Okelo hakucheka. Alikuja karibu.

"Mama, ile kuku ya Mama Pamela ulichora na hii mkono?"

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Nilimdanganya mtu usoni, mbele ya jina la mama yake ambalo nilikuwa nimetoka kuliharibu. Ningeweza kusema hapana. Ni neno dogo tu. Niliona ni heri mashua yake ionekane hivyo maisha yake yote kuliko mama mkwe kuniona nilivyo. Ndiyo maana nasema aibu hii nimejitafutia.

Mzee akachukua kitambaa, akakilowesha tapentaini, akanipa. Tukafuta pamoja, yeye upande wa N, mimi upande wa R. Akasema polepole, ili nisikie mimi tu, "Mama Pamela ameniambia mkono gani. Mimi nilikuja kuita hiyo."

Nikamwomba basi awaondoe watu.

"Hawa? Hawaendi mahali, mama. Hawana kazi mpaka samaki zingine zifike. Chora tu."

Nilitamani anihurumie zaidi ya hapo. Sasa naona alifanya vizuri.

Nikashika brashi kwa kushoto. Sitasema sikuogopa. Nilisikia mtu akisema "racham" nyuma yangu, halafu mwingine akalirudia. Lakini mkono wenyewe haukusita. Ulishuka na ile N kama maji yanavyoshuka, ukapanda, ukashuka tena. Nikaandika jina lote bila kugeuka. Nikapiga mstari wa bluu chini yake. Nikaanza ngege, na nilipofika kwenye magamba nilikuwa nimesahau kuna watu. Sijawahi kuchora juani, mchana, bila kusikiliza kama kuna anayekuja. Niliona rangi ambazo sikujua zimo kwenye samaki.

Nilipogeuka, vicheko vilikuwa vimekwisha. Yule kijana wa utani alikuwa amechuchumaa akitazama jicho la ngege. Mama mkwe alikuwa anafunga samaki wake kwenye leso. Akainua beseni, akaondoka bila kuniaga.

Hapo ndipo Akinyi aliposema. Alikuwa amekaa juu ya nyavu muda wote, nimemsahau. Alisema kwa sauti ya kawaida, si ya kulaumu, na wote wakasikia:

"Mama, kumbe hata wewe?"

Vicheko vya ufuo mzima sikuvisikia kama nilivyosikia hayo maneno manne. Mtoto alikuwa anafikiri yuko peke yake. Miaka yote hii amekaa meza moja na mtu kama yeye, na mtu huyo ndiye anayempiga vidole.

Niliinama nikachanganya rangi ambayo haikuhitaji kuchanganywa.

Mzee Okelo aliizunguka mashua mara kadhaa. Akagusa mbao chini ya jina la mama yake, mahali ambapo rangi ilikuwa haijafika, akasema ahsante. Mvuvi mwingine akaniuliza kama naweza kuja Jumatatu kumwandikia na yake. Nikasema nitakuja. Safari hii nilijibu kabla hofu haijafika.

Tulirudi nyumbani na ngege wawili tuliopewa. Njiani nilikuwa namngoja Akinyi aniulize kwa nini. Hakuuliza, na mimi, mtu mzima, nikafurahi kwamba hakuuliza.

Baba Akinyi alikuwa ameshafika. Nikamwambia ile nusu iliyobaki nikiwa nimesimama mlangoni, haraka haraka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama amepita hapa," akasema. "Ameniambia."

"Amesema nini?"

"Amesema yule samaki ametoka vizuri." Akavua viatu. "Hayo mengine hakusema, na mimi sikumuuliza."

Kisha akanitazama kwa muda, na nilichoona machoni mwake hakikuwa hasira. Aliuliza kama ndiyo sababu ukuta wa jikoni huwa mweusi. Nikasema ndiyo. Akasema alidhani ni moshi.

Tulipokaa kula, Akinyi alinawa mikono, akakaa, akangoja. Alikuwa anangoja aone mimi nitakula kwa mkono gani. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa shujaa. Nilimega ugali kwa kulia, kwa mazoea, na kwa woga pia. Yeye naye akamega kwa kulia.

Tukala hivyo kidogo.

"Akinyi," nikasema, "Jumatatu ukitoka shule uje Dunga. Nitakupa brashi yako."

Akaacha kutafuna. "Nishike na mkono gani?"

"Huo wako."

Hakucheka. Alimtazama baba yake kwanza, kisha akanitazama mimi, kwa makini, kama mtu anayeangalia kama daraja litambeba. Halafu akaendelea kula, kwa kulia.

Nimemfundisha hivyo mimi mwenyewe, kidole kwa kidole. Sijui itanichukua muda gani kumfundisha aache kuniogopa. Jumatatu naanza.