Neno Walilokupiga Nalo Kamatanda

Mpendwa yaya, kaka yangu wa kwanza,

Juzi mwalimu aliandika neno moja ubaoni, hafai, akatuuliza tunalitumia lini. Mmoja alisema viatu vyenye tundu havifai kwa mvua. Mwingine akapaza sauti, "Bwana ya dada yangu hafai!" Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Hafai kwa nini? Ukimwita mtu hivyo bila kusema sababu, umempiga." Nilikuwa nasikia sauti ya baba.

Unaikumbuka sheria yenu ya machimbo ya Kamatanda: wanawake huosha mawe mtoni, lakini hawavuki mstari wa mifuko ya mawe kukaribia shimo, maana mnasema madini yatakimbia. Niliijua. Lakini siku ile nilikuletea chakula, ugali wetu wa bukari na samaki wadogo wa ndagala, nikakuona unatoka shimoni, nikafurahi, nikavuka. Mlikuwa na siku nne bila kupata jiwe zuri.

"Huyu hafai huku!" alifoka mkuu wa timu yenu, yule mnayemwita PDG. "Weye mutoto mwanamuke, unatufukuzia mawe!" Akainua mpini wa sururu. Ulisimama mbele yangu.

"Ni mudogo yangu. Piga minye, hapana yeye."

Alikupiga. Nilisikia mfupa wa mkono wako ukivunjika. Ukaokota jiwe kwa mkono uliobaki, ukampasua mdomo. Meno yake mawili yalianguka kwenye vumbi. Ndipo wote wakakuvamia kwa sepeto na mateke, mpaka akina mama waosha mawe wakajirusha juu yako wakilia. Bukari ilimwagika, wakaikanyaga, ikawa nyekundu.

Hapa nyumbani, mtaani Panda, baba alikuwa amesikia nusu tu, kwamba umempasua mkubwa wako wa kazi. Yeye aliyemaliza miaka yake yote kiwandani bila kumjibu chef wake wa kazi hata mara moja! Alikupiga kofi, mkono wako ukiwa umefungwa kwa kitambaa cha mama.

"Muntu wa kupiga chef yake hafai. Hafai kwa kazi, hafai mu hii nyumba."

Ulinitazama. Labda ulingoja niseme, labda uliniomba ninyamaze. Mpaka leo sijui. Nilinyamaza. Asubuhi ulipanda lori la kwenda Kolwezi.

Jana, tukiwa tunakula, nilisema. "Baba, ni minye nilivuka mifuko. Yaya walimupiga sababu ya minye."

Alinipiga kofi mpaka damu ikatoka puani. Akainua mkono tena. Mama akasema polepole, "Papa, utafukuza watoto wote?" Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka. Baba aliomba maji, akanywa, akaniuliza kwa nini wewe mwenyewe hukujitetea. Nikasema labda uliogopa atanifanya hivi alivyonifanya sasa. Alisukuma sahani yake pembeni.

Namba yako haiiti tena. Ndiyo maana ninaiacha barua hii wazi, ili mchimbaji yeyote anayekwenda Kolwezi aisome na kukuambia.

Sitakudanganya, yaya. Baba hakuomba msamaha. Alisema neno moja tu la kukuita nyumbani, "Arudie," kisha akatoka nje. Mama alilisikia, mimi pia nililisikia. Ninakupa kama lilivyo.

Mdogo wako, uliyemkinga