Huyu Mzee ni wa Nani?

Rochester, Minnesota
2 Mei 2004

Mdogo wangu mpendwa Phally,

Mwezi uliopita nilitimiza miaka ishirini na tisa tangu nitolewe kwa bunduki nyumbani kwetu Battambang. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti halijaanza kukusumbua kabla ya mvua. Sisi huku tunapumua. Theluji imekwisha, ila asubuhi bado navaa soksi mbili.

Kwenye simu uliniuliza kama kaka yetu Thol alikufa mikononi mwa watu wake, nami nikasingizia kwamba simu inakatika. Haikuwa inakatika. Ngoja nikueleze.

Ilikuwa sikukuu yetu ya Mwaka Mpya, ile ya mwezi wa nne, pale hekaluni, katika ile nyumba ya zamani iliyozungukwa na mashamba ya mahindi. Thol alikuwa amebeba sufuria la mchuzi wa samaki, akimtania mkewe Kimhorn kwamba ameujaza pilipili ili wazee wafe kabla ya kuomba kuongezewa. Shemeji akamjibu kwamba basi aanze yeye. Thol akacheka, akalitua sufuria kwa uangalifu, akaanguka kando yake.

Mtawa alipiga simu, kisha akakimbilia barabarani kuonyesha njia. Huku, gari la wagonjwa likiwa mbali, polisi aliye karibu ndiye hutangulia, maana hubeba kwenye buti mashine ya kushtua moyo. Hilo nalijua, nimelisoma gazetini mara nyingi. Lakini aliyeingia mbio alikuwa kijana mwenye sare na bastola kiunoni, na wazee wote tukachuchumaa, macho chini. Hakuna aliyetuamuru.

Akauliza huyu mzee ni wa nani, nani amemwona akianguka. Wewe ulikuwapo miaka ile ya mauaji kule nyumbani, unakumbuka watu wenye bunduki walipouliza swali hilo walikuwa wanatafuta nini, na aliyejibu kwamba ni wangu alipelekwa wapi, asirudi. Kimhorn, huku bado ameshika skafu ya mumewe, akasema hamjui.

Yule kijana akapiga magoti, akakata shati, akabandika waya kifuani. Mashine ikasema kwa sauti ya kike kwamba mtu yeyote asimguse mgonjwa. Hatukuwa tunamgusa. Thol akaruka kidogo, akatulia. Polisi akaanza kumkandamiza kifua, jasho likimdondoka, akaomba mmoja wetu aje ampokee. Nje vijana wetu walikuwa wakimwagiana maji, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, hawana habari. Niliitazama mikono yangu. Haikuinuka.

Mashine ikapiga tena na moyo ukarudi. Gari la wagonjwa lilipofika, wakauliza nani anapanda naye. Hakuna aliyepanda. Polisi akalifuata kwa gari lake.

Sasa hili ndilo lililonishinda kwenye simu. Kabla hajapiga magoti, yule kijana alinigeukia mimi, labda kwa sababu ya miwani yangu. Akaniuliza tena, taratibu, kama namfahamu huyu mzee. Nikasema simfahamu. Kaka yetu wa tumbo moja, Phally, na nilimkana kwa Kiingereza fasaha.

Tulipopata miguu ya kwenda hospitali, yote yalikuwa yamekwisha. Nesi alitueleza kwamba Thol alifumbua macho mara moja tu. Walipouliza mgonjwa ana nani, yule polisi alisema mgonjwa yuko na yeye, akavuta kiti, akamshika mkono mpaka mwisho. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Siku hizi Kimhorn hushinda hekaluni lilipo jivu la mwili wa mumewe. Kila anayeingia, hata asiyeuliza, humwambia kwamba huyu ni mume wangu. Mimi ndiye ninayempeleka, kisha nakaa naye, na wakati mwingine nami nasema kwamba huyu ni kaka yangu.

Nisalimie wanao wote, na jirani yako aliyenitumia chai. Ile nafasi ya kaburi uliyotuwekea mimi na Thol karibu na mama, wape wengine. Jivu lake linabaki hapa, nami nabaki nalo. Sitarudi.

Kaka yako,
Sarith