Dirisha la Nusu Mwezi

Mbale, Jumapili, 31 Agosti

Mpendwa Baba,

Nakuahidi kukuambia yote, hata yale ambayo Baba Mdogo amesema nisiyaandike. Huko Karamoja ulikohamishiwa kazi simu inakatika kabla hatujamaliza kusalimiana, kwa hiyo nimechukua karatasi. Nyumba yako unayojenga hapa Mbale imefika kwenye madirisha.

Unakumbuka Jumapili zetu za Jinja, tulipokuwa tunakaa kwenye kota za askari magereza? Baada ya kanisa Mama alirudi kupika, na sisi wawili tukashuka mjini kutazama madirisha. Ulitembea mikono nyuma kama uko kwenye gwaride, macho juu, mbele ya maduka ya zamani ya Wahindi. Mimi nilipenda lile la pembe nane kwa sababu lilifanana na biskuti. Wewe kila mara ulisimama mbele ya duka la vitambaa, chini ya dirisha la nusu mwezi lililokaa juu ya mlango, bapa chini na mviringo juu. Siku moja mwenye duka, yule mzee Singasinga, alitoka nje.

"Afande, unatafuta mwizi huko juu?"

"Hapana, bwana. Natafuta dirisha."

"Basi hilo usilikamate. Aliliweka babu yangu."

Mlicheka mpaka wapita njia wakasimama. Lakini tulipokuwa tunarudi, tukila chapati ya mayai, ulisema kwa sauti ya chini, "Nambozo, miaka yote nimetazama jua kupitia madirisha ya pembe nne. Nyumbani nataka dirisha lisilofanana na kazi yangu." Kisha ukaniambia kwamba siku ikifika, nami nina akili zangu, nitalisimamia mimi. Nilikujibu, "Ndiyo, afande," ukanipigia saluti katikati ya barabara.

Siku hiyo imefika, Baba. Mama amebaki Jinja na mtoto, nami nimekuja Mbale kwa likizo kukaa na mama yako, Kukhu. Kabla hujaondoka ulimwambia fundi Wafula, yule wa kuchomelea vyuma, kwamba dirisha la sebuleni linalotazama mlima liwe la nusu mwezi. Alikujibu, "Bila shaka, afande," na wewe ukasafiri ukiwa umetulia.

Wiki mbili baadaye akafika juu ya boda boda, amekumbatia fremu kama mtu aliyebeba mgonjwa. Aliishusha kwa furaha kubwa. Ilikuwa ya pembe nne.

"Afande alisema dirisha la nusu mwezi," akasema. "Na leo ni nusu mwezi kamili! Mafundi wengine wangewazungusha mpaka Krismasi."

Baba, nilicheka mpaka nikakaa juu ya matofali. Alidhani ulimpa muda wa kumaliza kazi! Lakini kicheko kiliniisha haraka, maana Baba Mdogo alishika ile fremu akasema, "Dirisha ni dirisha. Kesho mwashi anaziba ukuta, hili litakaa."

Akilini nilikuona ukirudi kutoka kazini, unakaa kwenye kiti chako, na mbele yako pembe nne tena. Nikasema, "Baba Mdogo, naomba lisikae. Baba alinikabidhi mimi."

"Eh! Mtoto wa shule sasa ni injinia?"

Sikuinua sauti. Nilichukua msumari, kamba na chaki, nikapiga mstari bapa ukutani, nikachomeka msumari katikati yake, nikazungusha kamba kama tulivyofundishwa darasani kwa bikari. Nilipomaliza niligeuka. Kukhu naye alikuwa amefika kutazama.

"Huo ni msikiti," akasema Baba Mdogo.

"Mimi naona nusu chapati," akasema Kukhu. "Na nina njaa."

Fundi Wafula alisogea, akapitisha kidole kwenye chaki kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Kumbe mwezi wa juu! Kwa nini afande hakusema wa juu? Mimi nilihesabu ule wa kalenda." Kisha akamgeukia Baba Mdogo. "Nitakunja nyingine. Mwashi angoje kidogo."

Mwashi amengoja. Jana fremu mpya iliingia, ikakaa sawasawa juu ya mstari wangu. Ile ya pembe nne imekwenda jikoni kwa Kukhu, naye anasema moshi haujali umbo. Ukikaa sebuleni mahali pa kiti chako unaona Wanale nzima, mwamba na ule uzi mweupe wa maporomoko, kama vile mlima umevaa kofia yako. Leo baada ya kanisa nilimsikia Baba Mdogo akiwaambia majirani barabarani, "Hilo? Limechorwa na mtoto wetu." Hilo ndilo alilonikataza kuandika.

Wenzangu shuleni husema Kiswahili ni lugha ya askari, ya kuamrisha watu. Hawajawahi kukusikia ukiniambia habari za madirisha. Ninajivunia wewe, Baba, na leo, nisamehe, ninajivunia kidogo na mimi mwenyewe.

Limebaki jambo moja, na nimekataa kuliamua peke yangu. Fundi anauliza kama aweke nondo. Nyumba zote za mtaa huu zina nondo, na Mama amesema kwenye simu kwamba wezi hawaogopi dirisha zuri. Baba Mdogo anataka zikunjwe kama miale ya jua. Mimi nimesimama pale asubuhi na jioni, nimetazama mlima, na nimekufikiria wewe. Fundi amekubali kungoja. Afande mwenzako anayekuletea barua hii atarudi Mbale Ijumaa, tafadhali mpe jibu hata kama ni neno moja kwenye kipande cha karatasi.

Baba, tuweke nondo, au tuache kioo kitupu?

Binti yako anayekungoja,
Nambozo